Mguu wa Sifuri

IC ya amplifaya niliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya studio ina miguu minane, na mitatu kati yake haina kazi. Mguu wa 2 na wa 3 hupokea picha. Wa 6 huitoa ikiwa imekuzwa. Wa 7 unataka umeme wa chanya, wa 4 unataka wa hasi. Niliisogeza karibu na kandili, nikasoma tena namba iliyochapwa mgongoni, AD811, nikahesabu miguu upya, maana kuna mguu nilikuwa nautafuta na siuoni. Haukuwepo. Kazi yote ya amplifaya ile ni kukuza umbali wa kitu kutoka kwenye sifuri, na sifuri yenyewe haikuwekewa mlango wa kuingilia.

Ilikuwa Januari 2010, na Unguja yote iko gizani. Umeme tunaoletewa kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikuwa umekatika tangu tarehe 10 Desemba, na hatukuuona tena mpaka Machi. Waliokuwepo wanakumbuka moshi wa majenereta, ndoo za maji zikipandishwa ngazi kwa mikono, na simu za mtaa mzima zikichajiwa kwenye duka moja kwa malipo. Katika msikiti wa mtaani kwetu palikuwa na darsa kila siku baada ya Magharibi, na kamera moja iliyofungwa kwenye nguzo ilikuwa ikipeleka sura ya Maalim upande wa akina mama, uani, na vyumba viwili vya madrasa. Wazee waliniita, wakasema darsa isisimame. Na Maulidi yalikuwa yanakuja, mwaka ule yaliangukia mwisho wa Februari. Televisheni ndogo za volti 12 zilipatikana nne, kila moja na betri yake. Kilichokosekana ni kitu cha katikati cha kuigawa picha.

Picha haigawiwi kama mkate. Inatoka kwenye kamera ikiwa na volti 1 tu kutoka chini mpaka juu, nayo imetengenezwa kwa ajili ya mpokeaji mmoja mwenye omu 75. Ukizifunga televisheni nne pamoja, zote zikavuta kwa wakati mmoja, volti ile 1 inabaki kama 0.4, picha inafifia na kuanza kukimbia. Kwa hiyo lazima pawe na amplifaya, na amplifaya ya video inataka umeme wa pande mbili: juu ya sifuri na chini ya sifuri.

Hapo kwenye "chini ya sifuri" ndipo nilipoanza kufikiri mambo ambayo sijamaliza kuyafikiri mpaka leo.

Picha ya analogi ni mstari mmoja mrefu wa umeme unaopanda na kushuka. Katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia, mistari 625 huchora picha moja, na picha 25 hupita kila sekunde. Weupe kamili ni volti 0.7. Weusi ni sifuri. Mtu angedhani habari imeishia hapo, kwani chini ya weusi kuna nini tena cha kuonekana? Kuna volti 0.3 nyingine kwenda chini, na huko ndiko linakokaa pigo fupi la maikrosekunde 4.7 linaloiambia televisheni kwamba mstari umekwisha, rudi kushoto, anza mwingine. Halijawahi kuonekana na jicho la mtazamaji, maana liko chini kuliko giza. Lakini likatwe uone. Sura zimo, mwanga umo, ila kila kitu kinateleza na kulala upande, uso wa Maalim umekuwa mkanda mrefu usiojulikana kidevu wala kilemba.

Nilimsimulia Maalim jambo hili tukiwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti. Alinyamaza kidogo, akasema mtaani kuna watu hawatajwi kwenye hotuba wala hawakai safu ya mbele, na huenda mtaa umesimama kwa ajili yao. Kisha akauliza betri zitatosha mpaka lini.

Basi, ukiipa amplifaya betri moja tu, ukaifanya hasi ya betri ndiyo sifuri, haiwezi kushuka chini ya pale inaposimama. Weupe utapita, pigo litakatwa. Brahmagupta wa India alipoandika kanuni za sifuri mwaka 628, ambao ndio mwaka wa Sulhu ya Hudaibiya, zile namba za juu aliziita mali na za chini akaziita deni. Waarabu wakapaita mahali pa katikati *sifr*, yaani patupu, nasi tukalichukua neno hilo kama lilivyo. Na mimi, kwa kulifuata neno, niliamini kwamba patupu hapahitaji chochote. Nilidhani kupata katikati ni kupima tu.

Nilichukua betri ya volti 12, nikafunga rezista mbili za omu elfu 10, moja juu na moja chini, na pale zinapokutana nikapaita sifuri. Nikaweka kapasita mbili za kutuliza. Nikapima: volti 6.3 kwenda juu, 6.3 kwenda chini. Mpwa wangu, aliyekuwa akinisaidia kazi baada ya skuli, aliinama kuitazama mita, akasema, "Mjomba, imekaa sawasawa kama imepigwa uzi." Tukabeba hadi msikitini baada ya Alasiri, tukaunganisha televisheni nne. Picha ilitokea kwa kiasi cha kupepesa jicho. Tuliona safu ya watu na kanzu zao, kisha ikaporomoka ikawa weupe mtupu usio na kitu ndani. Nilipoweka mita tena, sifuri ilikuwa imepanda mpaka karibu na ncha ya chanya.

Hesabu yake si ngumu. Ili kila televisheni ipate volti zake kamili, amplifaya hutoa picha maradufu na kuipitisha kwenye omu 75 nyingine, jumla omu 150. Weupe kamili wakati huo ni volti 1.4, na kila televisheni inavuta kiasi cha miliampea 9.3. Zikiwa nne ni 37. Umeme huo hauishii kwenye televisheni. Lazima urudi nyumbani, na njia ya kurudia ni sifuri. Kupitisha miliampea 37 kwenye rezista ya omu elfu 10 kunataka volti 370, nami nilikuwa na 12. Tena kamera ilikuwa imeelekezwa kwa watu waliovaa kanzu nyeupe na kofia, na weupe ndio unaokula umeme. Kadiri safu ilivyojaa, sifuri ilizidi kusukumwa.

Mita haikunidanganya. Mita ni mgeni mwepesi, inauliza bila kuegemea, haivuti kitu chochote kinachohesabika. Na mbele ya mtu asiyemwegemea, kila mtu yuko katikati.

Nalijua hilo kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo niliitwa kusuluhisha kaka na dada waliofiwa na mama yao. Mama aliacha nyumba moja Ng'ambo, hapa mjini. Mafungu yanajulikana, mawili ya kaka na moja la dada, hakuna aliyeyabishia. Ugomvi ulikuwa kwamba dada alikaa ndani ya nyumba hiyo miaka sita akimuuguza mama, na kaka akataka kodi ya miaka hiyo ikatwe kwenye fungu la dada. Kodi ambayo mama, mwenye nyumba, akiwa hai hakuitaka wala hakuitaja. Nikaitwa mimi kwa sababu, walisema, sina upande. Niliwapa nafasi sawa ya kusema. Niliwamiminia kahawa sawa. Kisha kaka akaegemea. Hakupiga kelele, alinikumbusha tu kwa upole kwamba redio na televisheni za duka lake zote huja kwangu. Nikajisikia nikisema, "Basi na hali ya kaka nayo tuiangalie." Dada alifunga kanga yake vizuri, akasimama, akaniambia, "Fundi, ulikuwa katikati mpaka alipokugusa."

Nililelewa na msemo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na sina ugomvi nao unapozungumzia kelele za siku moja. Lakini niliufanya kuwa dini. Nilisoma pia, kwa kadiri fundi anavyopata muda wa kusoma, habari za Aristotle aliyeitafuta fadhila kati ya kuzidi na kupungua, na za Imamu Ghazali aliyeifuata njia hiyo katika kitabu alichokiita Mizani ya Matendo, nikadhani wote wananipa mahali pa kupumzikia. Haikunipitikia kwamba Sura ya Baqara inapoutaja umma wa kati, papo hapo inautaja kuwa ni mashahidi. Shahidi hapumziki. Shahidi huegemewa na pande zote mbili, tena mbele ya watu, na anachotakiwa ni kutosogea.

Ukitaka sifuri isimame juu ya betri moja, lazima uipe wa kuibeba. Nilitengeneza upya, nikaweka amplifaya ndogo ya pili ambayo haina kazi nyingine ila kuitazama sifuri, na mbele yake transista mbili, BD139 na BD140. Sifuri ikisukumwa juu, moja inaivuta chini; ikivutwa chini, nyingine inaisukuma juu. Tuliwasha televisheni zote nne. Volti 6.3, haikutetereka hata kamera ilipogeuzwa kwenye ukuta mweupe. Nikaweka kidole kwenye transista. Vuguvugu. Nilikaa na kidole changu pale kwa muda, mpwa wangu akaniuliza kama nimeungua. Sikuwa nimeungua. Nilikuwa naona ajabu kwamba mahali panapoitwa patupu pana joto.

Darsa ilikwenda usiku ule vizuri. Kesho yake tukaharibu wenyewe.

Betri zilikuwa chache na kuzichaji ni gharama, kwa hiyo mpwa wangu, kwa nia nzuri kabisa, akaiunga kamera kwenye betri ile ile ya amplifaya. Alipochomeka tu kebo ya video, BD139 ikatoa uzi wa moshi na harufu ile ambayo kila fundi anaijua akiwa chumba cha pili. Maji ya udhu yalikuwa hayajakauka mikononi mwangu.

Sikumlaumu, maana kila kitu alichofunga kilikuwa sahihi peke yake. Kamera inaihesabu hasi ya betri kuwa ndiyo sifuri yake, na haijakosea. Amplifaya yetu ilikuwa inaihesabu katikati ya betri kuwa ndiyo sifuri yake, na haijakosea. Ila kebo ya video ina njia mbili: waya wa ndani unaobeba picha, na wavu wa nje ulioufunika, unaobeba sifuri. Watu wengi hudhani kinachosafiri ni picha tu. Wavu ulipogusana na wavu, sifuri mbili zilizoachana kwa volti 6 zilikutana bila kitu cha kuzizuia. Transista iliyopewa amana ya kuishikilia sifuri ya kwetu ilishindana na ile ya kamera mpaka ikafa.

Mpwa wangu alikuwa kidato cha sita wakati huo, kichwa chepesi. Alikaa chini karibu na sanduku letu lililonuka, akauliza, tena kwa heshima, "Mjomba, kumbe sifuri ni popote tunapoamua? Umesema ya kamera iko pale na ya kwetu iko hapa, na zote ni sahihi. Basi halali na haramu nazo si hivyo hivyo? Wenzetu wameweka pale, sisi tumeweka hapa."

Swali kama hilo halijibiwi kwa kufokewa. Nilimwambia tukaswali, na kwamba nitamjibu. Nimemjibu kwa mafungu kwa miaka, na haya ndiyo ninayoyasimamia.

Kwanza, alichokiona ni kweli, na asingojee mtu mzima amfiche. Hakuna volti inayokaa mahali pamoja. Volti ni baina ya mahali na mahali. Kunguru wetu wanatua juu ya nyaya za maelfu ya volti na kuruka salama kwa sababu miguu yao yote miwili iko kwenye waya mmoja. Hata majina ya chanya na hasi aliyachagua Benjamin Franklin katika miaka ya 1740, na ilipofika 1897 J. J. Thomson akagundua elektroni, ikaonekana kwamba kinachotembea ndani ya waya ni kile kilichoangukia upande wa hasi, kinakwenda kinyume na mshale tunaouchora. Hatukubadilisha majina. Kazi inaendelea.

Nasi Waswahili tunaishi na sifuri iliyohamishwa kila siku. Siku yetu tunaanza kuihesabu jua linapochomoza, na usiku linapozama. Wengine wanaanza usiku wa manane. Boti ile ile inayoondoka Malindi, hapa Unguja, saa moja asubuhi, kwenye tiketi imeandikwa saba. Nimewaona wageni wakiikosa. Lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba safari ilikuwa ndefu zaidi kwa Kiswahili. Toka saa mbili hadi saa tano ni saa tatu, uanze kuhesabu alfajiri au uanze usiku wa manane.

Hapo ndipo ninapomshika mkono mpwa wangu. Sifuri inahama, tofauti hazihami. Toka ncha ya pigo mpaka weupe kamili ni volti 1, uiweke sifuri kwenye hasi, kwenye chanya, au kwenye mlingoti wa dau. Yule dada akinyimwa sehemu ya fungu lake, weka sifuri unapotaka, kwenye ada ya wazee au kwenye sheria ya mjini, anza hesabu kwa kaka au kwa dada, kilichopungua mkononi mwake ni kile kile. Dhulma haikai kwenye sifuri. Inakaa baina ya watu wawili, na umbali baina ya watu wawili haupimwi kutoka kwenye mahali pa kubuni.

Pili, sifuri ikishaunganishwa si yako tena. Kabla hujachomeka kebo, unaweza kuiweka popote. Baada ya kuchomeka, mwenzako amekuegemea, na kuihamisha ni kumuunguza. Ndivyo ninavyoelewa kugeuzwa kwa kibla. Miezi 16 au 17 baada ya Hijra, Waislamu wa Madina walikuwa wakielekea Baitul Maqdis, kisha wakaamrishwa kuelekea Makka. Mola ni yule yule, swala ni ile ile. Lakini hapakuwa na mtu aliyegeuka peke yake siku aliyojisikia. Waligeuka safu nzima, kwa amri, ili wavu ubaki umeshikana na wavu. Sisi huku Makka iko kaskazini, karibu kabisa na mstari ulionyooka, mpaka wazee wetu wakalifanya neno kibla kuwa jina la kaskazini. Jahazi likimchukua mtu wa Unguja mpaka Maskati, akiswali kuelekea kaskazini kwa mazoea amekwenda kombo, maana kule Makka iko magharibi. Alichokuwa nacho kilikuwa mwelekeo wa kwao, akadhani ndicho kibla. Kibla ni mahali, na kutoka kila nchi pana njia yake ya kupaelekea.

Tatu ni jambo gumu zaidi, na hapa mfano wa umeme unaanza kuishiwa nguvu. Mtu mwepesi wa kusikia anaweza kudhani nasema Mungu ni sifuri. Sisemi hivyo. Sifuri ni kitu nimekitengeneza mara tatu kwa mikono hii, na mara mbili kikaharibika. Ninachokisema kinahusu ile IC. Haina mguu wa sifuri, na aliyeichora hakusahau. Imetengenezwa ikuze tofauti, kwa kasi na uaminifu mkubwa, lakini hata uifungue mpaka ndani kabisa hutakuta humo kitu kinachoijulisha sifuri iko wapi. Lazima ipewe kutoka nje, kwa rezista moja iliyofungwa kwenye mahali ambapo aliyeliunda sanduku amesema: hapa. Akili ya binadamu naiona hivyo. Inapambanua vizuri sana, inaona unywele kati ya jambo na jambo, na kwa sababu hiyo inajidhania inajua na pa kuanzia. Pa kuanzia ilipewa: na mama aliyeipiga kofi ikinyakua kitumbua cha mwenzake, na mwalimu wa chuoni, na watu wanaogeuka pamoja upande mmoja mara tano kwa siku. Mpwa wangu anasema hilo linathibitisha tu kwamba kila mmoja amepewa ya kwao. Namkubalia kwamba kila mmoja amepewa. Na ninaamini, kama ninavyoamini kwamba kuna Makka, kwamba wapaji wote hao hawakuibuni wenyewe. Hilo siwezi kumlehemia kwenye ubao. Naweza kumwambia tu kwamba sifuri ya kubuni nimewahi kuwa nayo kifuani, na haikustahimili kuguswa.

Mara ya tatu niliacha ubishi na betri moja. Nilitafuta betri mbili za volti 6, zile za taa za dharura, za ampea-saa 4.5, zilizochoka kidogo. Hasi ya moja nikaifunga kwenye chanya ya nyingine, na pale zilipokutana, kipande cha waya mnene cha urefu wa kidole, ndipo pakawa sifuri. Sikuhitaji transista ya kuipigania. Kamera ikapata betri yake, na hasi yake ikafungwa hapo hapo. Fyuzi moja juu, moja chini. Njia hii nilikuwa naijua tangu mwanzo, na niliikwepa kwa sababu inataka betri mbili. Nilitaka kuipata katikati kutoka kwenye kitu kimoja, kwa bei ya rezista mbili.

Wiki mbili baadaye nilipima. Weupe wa picha unalipwa na betri ya juu, na pigo la chini ya sifuri linalipwa na betri ya chini, lakini pigo ni maikrosekunde 4.7 tu katika kila 64 za mstari. Kwa hiyo ya juu ilikuwa imechoka zaidi: 5.6, na ya chini 6.2. Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Rezista zangu zilikuwa zimenipa 6.3 kwa 6.3, zikanitupa. Hizi hazilingani, na sifuri haijasogea hata kidogo, na picha uani iko vile vile. Maisha yangu yote niliitafuta haki kwenye kulingana kwa pande mbili. Nikazibadilisha nafasi zile betri, ya juu ikaja chini ipumue, nikafanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wasiotazama picha kwenye skopu, chombo kinachouchora umeme kama mstari, hawalioni. Ndani ya televisheni nyingi, picha ikiingia hupita kwenye kapasita, na kapasita hupitisha mabadiliko tu. Picha ikitoka upande wa pili imesahau sifuri yake ilikuwa wapi. Weupe ukizidi, inajikuta imeshuka. Giza likizidi, inajikuta imepanda. Dawa yake imo ndani ya picha yenyewe. Baada ya kila pigo, kabla ya mstari kuanza kuchorwa, pana kituo cha maikrosekunde 5 na ushei ambapo umeme unakaa kwenye kiwango cha weusi. Kwenye skopu panaonekana kama baraza: ukuta umesimama, na pembeni yake kiti cha chini cha kukalia. Televisheni huivizia baraza hiyo, na kila inapoifikia hujirekebisha: hapa ndipo sifuri. Mara 15,625 kwa sekunde. Haisemi kwamba niliikumbuka mstari uliopita, inatosha. Wapo wanalugha wa Kiarabu walionasibisha neno *insan*, mtu, na *nisyan*, kusahau. Sijui kusoma Kiarabu kiasi cha kuwaamulia, lakini ninapotazama baraza ile ndogo nawahisi wako karibu na kweli, na huona pia kwa nini swala hazikufanywa moja ndefu kwa mwaka.

Usiku wa Maulidi msikiti ulijaa mpaka ngazini. Ilipofika kisimamo, watu wote waliinuka kwa pamoja, marashi yakarushwa, na kwenye picha pakawa hakuna kitu ila kanzu, weupe kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimechutama nyuma ya nguzo na sanduku langu, kidole kwenye waya ule mnene pale betri zinapokutana. Ulikuwa baridi. Mpwa wangu alirudi mbio kutoka uani kunipa habari, akasema picha imetulia kila mahali. Kisha akaongeza kwamba upande wa akina mama amemuona yule dada wa Ng'ambo, amekaa mbele kabisa ya televisheni, ameuliza nani aliyefunga, na alipoambiwa hakusema kitu.

Nyumba ilikuwa bado haijauzwa. Siku ya pili baada ya Alasiri nilikwenda kwa kaka. Redio zake mbili zilizokuwa dukani kwangu nilikuwa nimezimaliza, nikazibeba moja kila mkono, na mfukoni karatasi ya mafungu niliyoiandika upya bila kodi. Aliniuliza nimetumwa na nani. Niliziweka redio mezani, nikaweka na karatasi, nikavuta kiti.